Ukuta wa Usumba

Juzi nilishuka Maili Moja kununua miche ya mipapai, kwa wale vijana wanaopanga miche yao kando ya barabara ya Morogoro. Nyuma ya miche kulikuwa na viroba vya makumbi ya nazi yaliyolowekwa, na kijana mmoja akafungua kiroba anionyeshe. Harufu ikanipiga usoni. Wenzangu mliokulia Pwani mnaijua: kumbi lililooza kwenye matope, harufu nzito ya yai viza. Kijana akasema, "Mama, usiogope, hii inashika maji, maua yanaipenda sana." Nikamwambia sijaogopa. Nikainamia kiroba kunusa tena, mpaka akaniuliza kama naumwa. Siumwi, nikamwambia, nimemkumbuka mama tu. Akanipa pole, maana vijana wa siku hizi ukiwatajia mama wanadhani umefiwa jana.

Nilikuwa mdogo mwaka ambao baba alimwacha mama. Hakuna aliyenieleza. Niliona tu mama anafunga nguo zake kwenye khanga, mjomba wake amekuja kumrudisha kwao Kurui, na mimi nimeshikwa mkono na baba. Nililia mpaka sauti ikakauka. Baba alikuwa utingo wa lori, leo Morogoro kesho Dodoma. Mtoto wa kike ambaye hata shule hajaanza angemweka wapi? Lakini kuniacha kwa mama hakutaka. "Mtoto ni wa kwetu," alisema, na maneno yakaishia hapo. Akanipandisha kwenye lori juu ya magunia ya mahindi, akaenda kunishusha kwa dada yake, Shangazi Mwamvua, katika kijiji kipya upande wa Mlandizi. Akasema atakuja kuniona. Nikamwamini, si alikuwa baba?

Shangazi Mwamvua alikuwa mwanamke mrefu, mweusi ti, na alikuwa na mdomo. Mdomo huo jamani! Zamani aliolewa pwani na mchoma chokaa, akaachwa kwa sababu hakuzaa, na tangu hapo hakutaka kusikia habari za wanaume wala pole za wanawake. Nilipomwamkia, "Shikamoo, shangazi," alijibu, "Marahaba," akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akamgeukia kaka yake. "Mbona umemkondesha hivi mtoto? Au hilo lori lako linakula na watoto?" Akanipakulia bada, ugali wetu wa muhogo, na kisamvu, akakaa pembeni kunitazama nikila.

Mliokuwapo mnakumbuka jinsi vijiji vile vilivyoanza. Watu walitolewa huko ndani walikozoea, kila mtu na mikorosho yake, wakaletwa karibu na barabara na kupimiwa viwanja kwa mstari ulionyooka. Shule itakuja, zahanati itakuja, bomba litakuja. Maneno yalikuwa mazuri, ila udongo haukuwa mzuri. Kule walikotoka walizoea udongo mwekundu wenye kichanga, ukiukandika kwenye fito unatulia miaka. Pale ulikuwa mfinyanzi mweusi, mlaini, wa kunata. Masika unavimba na kukuvua kandambili. Kiangazi unanywea, ardhi inafunguka nyufa za kumeza mguu wa mtoto. Na nyumba hivyo hivyo. Unamaliza kukandika leo, baada ya muda ukuta una ufa wa kupitisha kidole, ukizubaa unamwona jirani yako anachagua mchele. Watu walikuwa wakiziba nyufa kila kukicha, na kila kukicha zinafunguka nyingine.

Nyumba ya Shangazi ilikuwa ya chumba kimoja, na upepo wa alfajiri ulipita humo bila hodi. Sikukaa sana nikashikwa na kifua. Nilikohoa, nikakohoa, mpaka Shangazi akawa ananipakata nilale nimekaa. Habari zikafika Kurui. Zilifikaje sijui, habari za kwetu hazijawahi kusubiri posta. Mama akatuma neno kwa mwanamke mmoja aliyekuwa akipita kuuza mikeka. Wakaongea yeye na Shangazi nyuma ya nyumba, kwa sauti ya chini, na Shangazi aliporudi uso ulikuwa umekaza.

"Tunajenga chumba," akasema.

"Chumba cha nini, shangazi?"

"Mama yako akimaliza eda atakuja. Nataka akikute kimekwisha. Na kisiwe na ufa. Hata mmoja, umenisikia?"

Nilimsikia sana. Mama anakuja, chumba kinajengwa, basi chumba ni cha mama. Eda nilijua ni ule muda ambao mwanamke aliyeachwa anakaa akisubiri, haolewi wala hatembeitembei. Ukiisha anakuwa huru. Na mama akiwa huru ataenda wapi kama si kwa mwanawe? Mpaka leo nikijiuliza naona mtoto yeyote angefikiri vile vile. Furaha niliyopata siku ile ilinitibu kifua kuliko dawa zote za Shangazi.

Kesho yake tukaanza kuokota makumbi. Tulipita chini ya minazi ya watu, tukajaza matenga, tukayapeleka kwenye shimo la matope kando ya kijito. Shangazi akayapanga shimoni, akayafunika kwa matope, akaweka magogo juu yasielee. Mimi nilishangaa. Kitu kizuri cha kukokea moto tunakizika?

"Tunayaozesha," Shangazi akasema. "Kumbi kavu ukilitwanga linakatika vipande. Likilala kwenye matope, nyama yake inaoza, unabaki uzi mtupu. Ndio usumba. Huo usumba tutauchanganya na udongo, na udongo ukitaka kwenda huku na huku, uzi unauzuia."

"Yataoza lini?"

Akafikiri kidogo. "Makumbi yakiiva, na eda ya mama yako itakuwa imekwisha."

Hapo alikuwa ananipa njia ya kuhesabu muda, kama watu wazima wanavyomwambia mtoto kwamba mihogo ikikomaa utatahiriwa, mpunga ukivunwa utaanza shule. Mimi nilichukua kwa namna nyingine. Niliona kwamba mama yumo mle shimoni. Si mwili wake, sikuwa mjinga kiasi hicho. Lakini kuja kwake kumezikwa na makumbi yale, na kunaiva pamoja nayo. Nikawa naenda kijitoni kila siku. Nakaa ukingoni, natazama mapovu yanayopanda kutoka kwenye matope. Povu likipasuka nasema, haya, bado kidogo. Nyakati nyingine nilimsimulia mama mambo yangu pale pale, kwamba nimejifunza kubeba kibuyu cha maji kichwani, kwamba kuku wa Shangazi amelalia mayai. Harufu ilikuwa mbaya lakini niliizoea, hata ikanishika nguoni. Watoto wa kijijini wakaanza kuniita Makumbi. Nikikaribia mchezo wao, mmoja anaziba pua, wote wanacheka, wanahama. Sikuwafuata. Nilikuwa na mahali pa kwenda.

Upweke wa mtoto hausemeki. Mtu mzima akiwa mpweke anaujua upweke wake kwa jina, anaweza kulalamika. Mimi nilidhani maisha ndivyo yalivyo, kwamba mtu anakaa peke yake akiongea na matope mpaka mambo yaive. Shangazi alikuwepo, ndiyo, ila alikuwa mtu wa kazi. Alinilisha, aliniogesha kwa kunisugua utadhani sufuria, na kuongea kwake kulikuwa amri: chota, shika, sogea, usikanyage.

Wakati makumbi yanaoza, yeye alianza kujaribu udongo. Alikanda matonge ya ukubwa wa ngumi, akayapanga juu ya kipande cha bati yakauke kivulini. La kwanza udongo mtupu. La pili udongo na majivu ya vifuu. La tatu majivu mengi zaidi. La nne alitaka chokaa, lakini chokaa haikuwepo, na hapo ndipo alipomtumia baba salamu kwa madereva, kwamba alete gunia la chokaa ya pwani, ile ya mawe ya baharini yaliyochomwa. Kazi yangu ilikuwa kuyalinda matonge kuku wasiyadonoe. Kwa kuwa sikuwa na mwenzangu, matonge yakawa watu. Huyu baba, huyu mama, huyu mimi, huyu Shangazi. Tonge la mama likipasuka nalibadilisha jina haraka, nasema aa, huyu si mama, huyu ni yule mtoto anayeziba pua. Mama lazima awe lile zima. Udongo mtupu ulipasuka vibaya. Wa majivu kidogo ulijitahidi. Wa majivu mengi ulikuwa ukimomonyoka ukiushika. Kwa hiyo mama alikuwa akihamahama sana, maskini.

Gunia la chokaa likaja. Tulisikia lori linapiga honi barabarani, nikatoka mbio, mbio kabisa, nikimwita baba. Nilipofika lori lilikuwa limekwisha kuondoka. Gunia lilikuwa limesimamishwa kwenye nguzo ya duka, na juu yake kifurushi cha sukari. Mwenye duka akasema, "Baba yako alikuwa na haraka, lori si lake." Nikakaa chini kwenye vumbi karibu na gunia mpaka Shangazi akafika. Alilitazama gunia, akanitazama na mimi, akaachia msonyo mrefu wa kumfuata kaka yake mpaka Chalinze. Kisha akalibeba gunia kichwani, na mkono wake mmoja, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akanipa niushike.

Makumbi yakaiva. Shangazi alifukua moja, akalibonyeza, nyama ikateleza vidoleni, zikabaki nyuzi za rangi ya dhahabu. Nilirukaruka pale ukingoni hadi akanikaripia. Tukayaosha, tukayatwanga kwa magongo, tukauanika usumba juani, ua mzima ukajaa. Tonge la udongo lenye chokaa na usumba lilikauka bila hata mstari. Nikalipa jina la mama, na safari hii sikulibadilisha tena.

Kukandika nyumba kwetu ni kazi ya watu. Mwenye nyumba anapika, majirani wanakuja, vijana wanakanyaga udongo, kina mama wanachota maji, kuna nyimbo na matusi ya utani. Wakaja. Lakini walipoona chokaa wakarudi nyuma. Chokaa inakula ngozi, nani atakanyaga? Mzee Kondo, seremala jirani yetu, akasema kwa kicheko, "Bi Mwamvua, huu udongo unaujenga au unaupika?" Shangazi angeweza kubembeleza. Hakubembeleza. Akawajibu kwamba wenye miguu ya mayai wakalale, na wengi wakachukua maneno yake wakaenda nayo majumbani. Chakula kikabaki chunguni.

Tukabaki wawili. Shangazi alijipaka mafuta ya nazi miguuni hadi magotini, akaingia kwenye udongo akaukanyaga na kuugeuza kwa jembe. Mimi alinikataza kuingia. Nilinyunyiza usumba, kidogo kidogo, kama mtu anayetia chumvi. Udongo ule uliokuwa ukinata hadi kero ulianza kuachia, ukawa mtulivu, unakatika vizuri mkononi. Alikandika upande wa juu, mimi nikakandika chini ninapofikia. Kila tonge nililobamiza ukutani nililisindikiza na neno: ya mama, ya mama, ya mama. Vidole viliniwasha nikanyamaza. Nilijua nikisema ataniondoa kazini. Aliviona mwenyewe jioni, akaviosha, akavipaka mafuta, huku akisema, "Mtoto mbishi huyu, sijui amerithi kwa nani." Nadhani alifurahi.

Chumba kilikauka polepole. Shangazi alikipitia kila asubuhi, pua karibu inagusa ukuta, akitafuta ufa. Nilimfuata nyuma nikitafuta chini. Sijawahi kuona mtu anayeogopa kitu kama alivyoogopa ufa. Usiku wa upepo nilimsikia anaamka kwenda kuugusa ukuta. Nikamwona mwema kweli, anavyohangaika ili wifi yake apate pa kukaa.

Mzee Kondo akaleta kitanda cha kamba. Nilikitazama nikacheka. "Mzee, umekosea, hiki kidogo. Mama hataenea." Mzee Kondo akamwangalia Shangazi. Shangazi akawa anapekua kitu kwenye kapu.

Mama alikuja siku ya jua kali, amefuatana na yule mjomba wake. Alivaa khanga mpya ambazo sikuwahi kuziona, na miguu yake ilikuwa na hina. Mimi hina niliiona nzuri tu. Alinibeba na ukubwa wangu ule, akaninusa shingoni, akasema, "Mwanangu unanukia makumbi," tukacheka hadi machozi yakatutoka. Mjomba akabaki kivulini. Shangazi akasema, "Karibu ndani, wifi, uone."

Nikatumwa maji ya kunywa. Niliporudi na kopo nilimkuta mama anapapasa ukuta. Alianza kona moja, kiganja kikateleza taratibu hadi kona nyingine, akainama chini, akainuka. Nilidhani anapanga mahali pa kuweka sanduku lake.

"Umejenga, wifi," akasema. Sauti haikuwa ya furaha.

"Nimejenga."

"Hata ufa wa unywele hakuna."

"Si ndivyo ulivyotaka?"

Mama akaketi kwenye kile kitanda kidogo, akajifunika uso kwa khanga. "Nilikutumia neno kwamba nikikuta ukuta una ufa naondoka na mtoto wangu. Kaka yako akitaka aende kwa kadhi. Na yule mwanamume anayetaka kunioa, asiyetaka mtoto wa mwenzake nyumbani kwake, ndoa yake aibebe kichwani. Nililiapia hilo. Njia nzima leo nilikuwa naomba nikute ufa, wifi. Sasa nitasema nini?"

"Utasema mtoto ana pa kulala," Shangazi akajibu. "Nenda kaolewe."

Kopo halikuniponyoka. Nililishika vizuri kabisa, nikaliweka chini. Mtoto anaweza kushindwa kuelewa jambo miezi mizima, halafu akalielewa lote kwa mkupuo mmoja. Nikauliza hata hivyo, "Mama, si chumba chako hiki?"

"Chako, mama," akasema, akinivuta. "Umejengewa wewe."

Aliondoka kabla ya alasiri. Alinifunga khanga yake moja kiunoni, akaahidi, akalia, akageuka, akageuka tena. Mjomba alitangulia mbele akipunga fimbo nyasini. Sikulia. Shangazi akaenda kuokota kuni, nadhani ili nisimwone usoni.

Nilipobaki peke yangu nilichukua kopo, nikachota maji mtungini, nikaumwagia ukuta. Nikachota tena. Nilikuwa nimeona udongo wetu wote wa kijiji unavyopasuka ukilowa na kukauka. Maji yalishuka, ukuta ukabadilika rangi kidogo, basi. Nikachukua kifuu nikakwangua. Nyuzi za usumba zikatokeza, zimeshikana, nikizivuta zinanivuta. Nilikwangua na kumwagia mpaka mtungi ukaisha na sakafu ikawa tope.

Shangazi alinikuta hivyo. Nilisubiri kofi. Akautua mzigo wa kuni mlangoni.

"Unafanya nini?"

"Nataka upasuke. Ukipasuka mama atarudi anichukue."

Alikuja akakaa chini, kwenye tope lile lile, na khanga yake safi, mgongo ukutani. Nikaendelea kukwangua.

"Hautapasuka," akasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu niliogopa." Akajifuta uso kwa mkono wenye vumbi la kuni. "Niliogopa akikuta ufa atakuchukua. Mimi nitabaki na nani?"

Nilimchukia. Nalisema wazi, nilimchukia, na niliendelea kumchukia siku nyingi baada ya hapo, hata nikiwa nakula chakula chake. Lakini mkono ulikuwa umechoka, maji yalikuwa yamekwisha, na kwenye nyumba ile hakukuwa na mtu mwingine. Nikakitupa kifuu, nikakaa kando yake. Hakunigusa. Tukalia, kila mtu kilio chake, tumeegemea ukuta mmoja.